Siku Waziri Alipoizika Pancha

"Pancha imekufa! Na aliyeiua ni mimi!"

Tangazo hilo lilitolewa Jumatatu asubuhi, nje ya kiwanda cha barafu, na mwanamume aliyesimama juu ya kreti la soda. Mkono wa kulia kifuani, wa kushoto juu ya siti ya baiskeli, kidevu juu kana kwamba mahali fulani kuna mchonga sanamu anamalizia pua. Wapeleka barafu wenzake watatu walimtazama. Mmoja alikuwa anatafuna mkate. Akaendelea kutafuna.

Jamaa huyo waliyemwita Waziri hakuwahi kuteuliwa na mtu yeyote. Cheo alipewa na wenzake kwa sababu hakuweza kuomba chumvi bila kuhutubia. Ukimwuliza saa ngapi, anaanza na historia ya jua. Alikuwa waziri asiye na wizara, asiye na dereva, asiye na hata kiti cha maana kwake, maana mkewe alimtengea kile chenye mguu mbovu ili asikae muda mrefu akisema. Lakini sauti alikuwa nayo! Sauti ya kufungua mikutano na kufunga masikio.

Kazi yake ilikuwa kupeleka barafu kwa baiskeli. Usiidharau kazi hiyo. Kiwandani pale bonge la barafu, refu kama gogo la kuni, lilifunikwa maranda ya mbao, likatumbukizwa kwenye gunia, na mdomo wa gunia ukashonwa kwa uzi wa katani na shazia, yaani ile sindano nene ya magunia, ndefu kama kidole cha kati cha mtu mzima. Shazia lilikuwa moja tu kiwanda kizima. Bosi alilipaka rangi nyekundu kwenye tundu ili mtu asije akadai ni lake. Bonge likishashonwa, linafungwa kwenye keria, halafu ni wewe na jua. Mpeleka mkate akichelewa, mkate ni ule ule. Mpeleka barafu akichelewa, anafikisha gunia na pole.

Naye Waziri alikuwa bingwa wa kufikisha pole. Mwezi uliotangulia alipata pancha kumi na moja! Wenzake wawili walipata moja moja, na yule wa tatu, mzee mmoja mkimya waliyemwita Kobe kwa mwendo wake, hakupata hata ya dawa.

Sababu haikuwa uchawi. Waziri hakukwepa kitu barabarani. Chupa iliyovunjika, waya, ukingo wa lami uliomegeka, vyote alivipanda kifua mbele. "Nikianza kupishana na misumari," alisema, "kesho nitapishana na kuku." Isitoshe, upepo aliujaza nusu, kwa kuwa tairi likijaa sawasawa linamtikisa, na kiongozi hatikiswi. Na tairi lenyewe la nyuma lilikuwa limelika hadi nyuzi zinachungulia nje kama ndevu za mbuzi.

Kila pancha ilimfikisha mahali pamoja: kwenye mwavuli uliochanika, kando ya soko la samaki, alipokaa fundi baiskeli waliyemwita Mama Kiraka. Mama huyu alikuwa na beseni la maji, pampu, msasa, kopo la gundi, na mdomo.

"Mheshimiwa," alimwambia ile siku ya pancha ya kumi na moja, huku akiikamua tyubu ndani ya beseni ili aone mapovu yanatokea wapi, "wewe hupati pancha. Wewe unazitafuta, unazikuta, unazishika mkono unaniletea."

"Ni barabara, mama. Barabara zetu zina chuki."

"Mbona Kobe hazimchukii? Nenda kanunue tairi lenye namba ya rimu yako, lenye nyuzi zilizobana, la uzito wa wastani. Lijaze upepo mpaka dole gumba likatae kuzama. Kila asubuhi litazame, ukiona kikokoto kimenasa, king'oe kabla hakijaota mizizi. Na ukiona chupa, jamani, kwepa! Kukwepa si dhambi."

Waziri alicheka kwa dharau, kile kicheko cha puani. Mambo mepesi namna ile hayakuwa ya hadhi yake. Yeye alitaka mkakati.

Mkakati ulihitajika haraka, kwa sababu Bosi alikuwa ametangaza jambo. Alitaka kumteua Mkuu wa Usafirishaji. Mkuu huyo angepata kofia nyekundu na filimbi. Basi! Hakuna kingine. Lakini, ndugu yangu, kofia! Na filimbi! Waziri alipoviona vimening'inia kwenye msumari ofisini, mate yalimjaa kinywani kama mtoto mbele ya keki.

"Na yule atakayeniletea maji badala ya barafu mara moja tena," Bosi aliongeza bila kumtaja mtu, huku akimtazama mtu, "nitamtoa barabarani. Atabaki stoo anafagia maranda."

Kwa hiyo mizani ilikuwa hivyo: upande huu kofia, upande ule ufagio.

Nyumbani Waziri hakutaja ufagio. Alitaja kofia tu, na aliitaja kama tayari iko kichwani. Majirani walipewa taarifa. Mkewe, ili apate amani, alimshonea mfuko mdogo kwenye shati la kazi, upande wa kushoto wa kifua, mahususi kwa ajili ya filimbi.

Jumamosi Waziri akaingia duka la vipuri.

"Nataka tairi."

"La baiskeli?" aliuliza mwenye duka.

"La historia."

Mwenye duka akamletea matatu. Waziri akayagonga kwa ngumi kama mtu anayechagua tikiti maji. Akayanusa. La mwisho akaling'ata.

"Mzee, tairi halichaguliwi kwa meno. Hili la katikati ndilo saizi ya rimu yako. Nyuzi zake zimebana, litakutunza miaka."

"Hilo sura yake ni ya kiraia mno. Lile pale juu, lenye picha ya kifaru?"

"Lile? Lile ni la mkokoteni wa punda. Zito hilo! Litaingia kwa taabu, halafu litakuua miguu."

"Punda amewahi kuja hapa kulalamika kuhusu pancha?"

Mwenye duka akafikiri. "Hajawahi kuja kulalamika kuhusu chochote."

"Basi nifungie!"

Jumapili mchana Waziri alijifungia uani na kifaru wake. Lakini tairi nene peke yake halikumtosha, kwani adui angeweza kuja na msumari mrefu. Hivyo akalikata lile tairi kuukuu utepe mrefu, uwe ngozi ya kwanza kwa ndani. Juu yake akaweka mkanda wake wa suruali ya harusi. Bado kukawa na pengo. Akaangaza macho huku na huku, yakatua mlangoni, kwenye zulia dogo la mpira la kufutia miguu, ambalo mkewe alilipenda kuliko baadhi ya ndugu zake. Akalikata vipande virefu. Kisha akatoa mfukoni vifaa alivyotoka navyo kiwandani siku iliyopita, akaanza kushona tabaka hizo pamoja kwa uzi wa katani, ulimi nje, kama daktari bingwa wa upasuaji.

"Baba watoto! Chakula kinapoa!" mkewe aliita kutoka jikoni.

"Niko kwenye utafiti!"

"Utafiti unaliwa? Nitampa paka!"

Ilikuwa mara ya tatu kuitwa, na paka yule alikuwa na rekodi mbaya. Waziri akaacha kazi mshono wa mwisho ukiwa nusu, akakimbia mezani. Aliporudi amekwisha shiba, kichwa kizito kwa wali, aliikunja kazi yake, akaipachika ndani ya tairi, akachomeka tyubu, na vita ya kulivalisha rimu ikaanza. Vijiko viwili vya mkewe vilipinda. Goti lilichubuka. Mara mbili tairi lilimrukia usoni. Mpaka jua linaelekea kuzama, kifaru alikuwa ndani ya rimu, na Waziri alikuwa chini, chali, anahema na kutabasamu.

Ndipo Jumatatu asubuhi akapanda juu ya kreti la soda.

"Pancha imekufa! Na aliyeiua ni mimi!"

"Shazia langu liko wapi?" sauti ya Bosi ikamkata kutoka ndani. "Nani kalichukua shazia?"

Wakatafuta. Wakapekua maranda, wakakung'uta magunia, wakatazama chini ya mizani. Hakuna. Waziri alitafuta kwa bidii kuliko wote, na alipochoka kutafuta, alishuka kwenye utafutaji akapanda kwenye uchunguzi.

"Bosi," alisema, mkono kifuani, "mimi si mtu wa kutaja watu. Lakini katika kiwanda hiki kuna mtu mwenye koti la mifuko mirefu. Mtu mkimya. Na kimya kingi kina mshindo mkuu. Sijamtaja!"

Watu wote wakageuka kumtazama Kobe, mwenye koti pekee.

"Mimi sijaliona," Kobe alisema. Akageuza mifuko yake nje. Kulikuwa na kiraka, kipande cha msasa, na njugu tatu.

"Mwizi mwenye akili haweki mali mfukoni," alisema Waziri kwa huruma.

Bosi akakuna kichwa. "Sikiliza, Kobe. Simhukumu mtu. Lakini mpaka shazia lionekane, kwenye habari ya kofia wewe usihesabiwe."

Kobe aliingia stoo, akatoka na njiti ya gurudumu, akainoa kwenye jiwe mpaka ikachongoka, na tangu hapo magunia yakashonwa kwa njiti hiyo, huku kila mtu akijidunga vidole na kumlaani mwizi. Waziri ndiye aliyelaani kwa ufasaha zaidi.

Siku hiyo hiyo alipitia kwa Mama Kiraka, si kwa matengenezo, bali kwa maziko.

"Mama, nimekuja kukuaga. Biashara yako nimeifunga. Beseni hilo tafuta mtoto umwogeshee."

Mama Kiraka akainuka taratibu, akalizunguka tairi lile lenye picha ya kifaru, akaliminya kwa dole gumba. Dole likazama.

"Upepo mdogo."

"Tairi la namna hii halitegemei upepo. Linajitegemea."

"Tairi lisilo na upepo, mheshimiwa, hata liwe nene vipi, ni ngozi tu. Mzigo ukikaa juu, kila kilichomo ndani kinabanwa. Hebu niambie, ulipitisha vidole ndani kabla ya kulifunga?"

"Vidole? Mama, mimi nilipitisha akili!"

"Ungepitisha vidole. Akili haitoki damu."

Waziri akaondoka akipiga kengele kama msafara.

Siku tatu zikapita bila pancha. Ukweli lazima usemwe: hakupata hata moja! Ukweli mwingine nao usemwe: baiskeli ile ilikuwa inasogea kama kabati linalohamishwa. Mapaja yaliwaka moto. Kwenye mteremko alilazimika kukanyaga pedeli. Kila safari alifika wa mwisho akiwa ameloa kuliko gunia, naye akaeleza kwamba mwendo huo unaitwa utulivu. Kila alipomwona mtu ameinamia gurudumu, alisimama, akashuka, akamhutubia.

Ijumaa ikafika na balaa lake. Friji kubwa la soko la samaki lilizima ghafla, na mkuu wa wauza samaki, mama mmoja mnene wa sauti nyembamba, akapiga simu analia: samaki wa watu wanaharibika, barafu ifike kabla ya saa tano! Bosi akatoka na fimbo yake ya kupimia, ile yenye alama kumi, akaipunga hewani.

"Wote sokoni! Mimi natangulia. Kila bonge nitalipima likifika. Mwenye kubwa kuliko wote, kofia yake leo leo. Atakayeniletea maji, ufagio. Kobe, wewe beba tu, unajua shauri lako."

"Nipe mabonge mawili!" akanguruma Waziri.

"Mawili? Wenzako wana moja moja."

"Wenzangu wana matairi, Bosi. Mimi nina kifaru!"

Wakampakia mawili. Keria ikalia. Tairi la nyuma likajilaza kidogo, kama mtu aliyekaliwa tumboni. Kobe alilitazama, akafungua kinywa, akakumbuka habari ya mifuko mirefu, akakifunga.

Njia ya sokoni ilipita mbele ya kinyozi, na mbele ya kinyozi siku zote kuna watu wasio na haja ya kunyolewa. Hapo barabarani kulikuwa na chupa imevunjika, vigae vinametameta. Wapeleka barafu wawili wakazunguka. Waziri akaona wajibu wa kihistoria unamwita.

"Tazameni, wananchi!"

Akaelekeza gurudumu katikati ya vigae. Krrrash! Watazamaji wakafumba macho. Walipofumbua, Waziri alikuwa upande wa pili, mzima, mkono mmoja hewani. Vigelegele! Makofi! Mteja aliyenyolewa upande mmoja alitoka na taulo shingoni kuja kushuhudia. Waziri akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu aliyekwisha kuvaa kofia.

Akaenda hatua mia mbili. Barabara hapo ilikuwa safi kama sahani iliyorambwa. Hakuna chupa, hakuna mwiba, hakuna hata jani.

Psssssss.

Waziri akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akatazama juu, akitumaini ni nyoka.

Psssss. Pss. P.

Baiskeli ikaketi.

Sasa, mtu mwingine angeshuka, akafungua, akaziba. Lakini Waziri angeziba vipi kitu kilichokwisha kufa na kuzikwa mbele ya mashahidi? Akaisimamisha baiskeli kando, akaegemea mti wa umeme, akakunja mikono, akaanza kupiga mluzi kama mtu aliyevutiwa na mandhari. Nyuma yake, kwenye keria, tone la kwanza likaanguka. To. Likafuatiwa na mwenzake.

Mwanamke mmoja aliyebeba ndoo akapita. "Baba, bomba lako linavuja."

"Ni mpango, dada. Ni mpango."

Mbwa akaja, akanusa, akaanza kuramba chini ya gunia kwa shukrani. Waziri akamfukuza kwa mguu bila kuacha mluzi.

Ndipo Kobe akatokea nyuma, mwendo wake ule ule, akikwepa kikokoto kimoja baada ya kingine. Akafunga breki.

"Waziri. Pancha?"

"Pancha ilishakufa. Nafanya ukaguzi wa mazingira."

"Nina kiraka. Nina pampu. Tukisaidiana ni dakika kumi."

Moyo wa Waziri ulisema ndiyo. Miguu ilisema ndiyo. Hata yale mabonge mawili yalisema ndiyo, tone kwa tone. Lakini mdomo, ambao siku zote ulikuwa unamtangulia mwenyewe, ukasema:

"Wape wahitaji."

Kobe akatazama kidimbwi kilichokuwa kinasogea kuelekea mtaroni. "Haya. Ila mazingira yako yanalowa, bwana." Akakanyaga, akaenda zake.

Waziri alisubiri barabara iwe tupu, kisha akaanza kusukuma. Jua lilikuwa limefika pale ambapo halina utani. Tairi la kifaru, bila upepo, lilijikunjakunja chini ya mzigo na kulia flap, flap, flap, kama kandambili ya jitu. Nyuma yake aliacha mstari wa maji mrefu hivi kwamba mtu angeweza kumfuata kutoka kiwandani kwa miguu mitupu bila kuungua.

Alipofika sokoni saa tano ilikuwa imepita zamani. Wote walikuwepo: Bosi na fimbo yake, wapeleka barafu watatu, mama wa samaki, Mama Kiraka aliyesogea kutoka mwavulini kwake, na, kwa bahati aliyoandikiwa adui tu, mkewe mwenyewe, aliyekuja kununua samaki kabla hawajaoza.

"Bonge la Kobe," Bosi alikuwa anasoma fimbo, "alama tisa na nusu! Hakuna aliyemfikia. Waziri, lete yako."

Gunia la kwanza likafumuliwa. Maranda yakamwagika. Bosi akaingiza mkono, akapapasa, akatoa kitu cha ukubwa wa sabuni ya kuogea iliyotumika wiki. Akaisogeza fimbo, akaona aibu, akaiweka chini, akapima kwa kidole. La pili likafumuliwa. Humo mlikuwa na maranda yaliyooga.

"Nimepunja nini mimi?" akalia mama wa samaki. "Niwapoze samaki kwa matarajio?"

"Hujuma!" Waziri akapaza sauti, mkono kifuani. "Wananchi, nimehujumiwa! Tairi hili limepita juu ya vigae, mashahidi ninao! Kuna mtu amenitegea msumari. Sitaji mtu. Lakini kuna mtu alinipita njiani, akasimama, akajifanya ananisaidia! Mama Kiraka, fungua hapa mbele ya umma, msumari uonekane, na mwenyewe ajulikane!"

"Nifungue?" akauliza Mama Kiraka. "Nilidhani nimefunga biashara."

"Fungua, mama," alisema Bosi.

Tairi lile halikutaka kufunguka. Mama Kiraka alikunja chuma kimoja, akachukua cha pili, akaweka goti, akataja jina la Mungu, na hatimaye ukingo ukaruka nje kwa mshindo. Akaizungusha ngozi ya nje yote, polepole, kwa macho na kwa kiganja.

"Nje hamna msumari. Hamna mwiba. Hamna kitu."

Kisha akaingiza mkono ndani, akaanza kuvuta.

Kwanza ukatoka utepe wa tairi kuukuu. Watu wakasogea. Ikafuata ngozi ndefu yenye bizimu ya chuma.

"Mkanda wa harusi yetu?" sauti ya mkewe ikatokea nyuma.

Mama Kiraka akaendelea kuvuta, kama mchezaji wa mazingaombwe anayetoa vitambaa mdomoni. Kikatoka kipande cha mpira wa kijani chenye herufi KA. Kikatoka kingine chenye RI. Cha tatu kilipotoka na BU, mkewe alikuwa amekwisha kufika mbele, kikapu kimeanguka.

"Zulia langu! Wewe mwanamume! Jirani nimemnunia siku tano! Nimemwambia ana mkono mrefu! Jana kaniletea embe nikalirudisha! Kumbe zulia limelala kwenye gurudumu!"

"Mama watoto, tutaongea nyumbani."

"Nyumbani utaingilia wapi, mlango hauna hata pa kufutia miguu!"

"Ngoja kwanza," akasema Mama Kiraka.

Kelele zikanyamaza. Alikuwa anapitisha vidole vyake, kimoja kimoja, juu ya ule mshono wa katani, taratibu kama mtu anayetafuta chawa kwenye nywele za mtoto. Alipofika mwisho wa mshono, ule ulioachwa nusu, vidole vikasimama. Akabana. Akavuta.

Kikatoka kitu chembamba, cha chuma, kirefu kama kidole cha kati cha mtu mzima. Uzi wa katani bado ulikuwa umepita kwenye tundu lake, na kwenye tundu kulikuwa na rangi nyekundu.

Hata samaki walionekana kunyamaza zaidi.

"Shazia langu," alisema Bosi.

Waziri alilitazama. Na ndipo, kama mtu aliyemwagiwa ndoo, akakumbuka yote: uani, ulimi nje, mshono wa mwisho, sauti kutoka jikoni, paka. Wali! Ule wali!

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Mama Kiraka, akiifuta sindano kwa aproni. "Cha mheshimiwa ki tairini mwake. Kaizunguka nchi nzima akimtafuta mwizi, kumbe amembeba, tena amemtandikia zulia la karibu."

Sokoni kukalipuka! Mama wa samaki alicheka mpaka akakaa juu ya kreti la samaki wake. Yule mteja wa kinyozi, ambaye alikuwa amefuata mstari wa maji akiwa bado amenyolewa upande mmoja, alijipiga mapaja.

Kobe peke yake hakucheka. Aligeuza mifuko yake ya koti nje tena, yote miwili, akasimama nayo hivyo mbele ya Waziri. Njugu tatu zikaanguka.

"Samahani, mzee wangu," Waziri akanong'ona. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na watu wa pale wanasema ndiyo nzuri kuliko zote.

Bosi akatoa kofia nyekundu kwenye mfuko, akamvika Kobe. Akamtundikia na filimbi shingoni. "Mkuu wa Usafirishaji, toa amri yako ya kwanza."

Kobe akafikiri kwa mwendo wake. Akapuliza filimbi mara moja, kidogo, kuijaribu.

"Kila asubuhi," alisema, "kila mtu apitishe vidole ndani ya tairi lake. Halafu huyu…" akamtazama Waziri kuanzia kichwani mpaka kwenye flap flap yake, "huyu abaki stoo na ufagio, kama Bosi alivyosema. Ila tumpe na cheo, asiumie. Shazia lisipotee tena, atunze yeye. Awe Waziri wa Shazia."

Makofi! Hatimaye, baada ya miaka yote ile, Waziri akapata wizara.

"Nalo nilitunzie wapi?" aliuliza kwa unyonge.

Mkewe, ambaye alikuwa ameshika mikononi KA, RI na BU, akamnyoshea kidole kifuani. "Si una mfuko mpya hapo? Niliushona kwa mkono wangu. Usikae bure."

Basi shazia likatumbukizwa kwenye ule mfuko wa filimbi, juu ya moyo. Waziri akaona umma wote unamtazama. Na umma ukimtazama Waziri, kuna jambo moja tu analojua kufanya. Kidevu kikainuka. Kifua kikajaa.

"Wananchi!" akaanza. "Wizara hii niliyokabidhiwa leo…"

Na kwa nguvu zote, kama desturi yake, akajipiga mkono kifuani.

"Aaaaaiiii!"

"Pssssss," likaitikia soko zima.